Besiboli ya jioni: mchezo unaowakalisha bibi na wajukuu mstari mmoja

Kofia za besiboli tunazo tele. Pita katika masoko ya mitumba ya Bujumbura, Uvira au Kigoma, utazikuta zimepangwa kwa mafungu, nyingi zikiwa na herufi N na Y zilizopandana, alama ya timu ya Yankees ya New York. Waendesha baiskeli za abiria wanazivaa, wavuvi wanazivaa, hata wazee wa kanisa wanazivaa siku za kazi. Lakini mwulize mvaaji huo mchezo wenyewe unachezwaje. Atakujibu kuwa ni ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa rungu, na hapo maelezo yake yatakuwa yamekwisha.

Mimi nami sikujua zaidi ya hayo hadi Julai 2023, nilipokwenda kumtembelea mama yangu na familia ya kaka yangu katika mji wa Portland, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani. Nilikaa nao wiki tano. Katika muda huo tulikwenda uwanjani mara sita, kila mara jioni, na kila mara tukiwa watu sita katika mstari mmoja wa viti: Mama, kaka, shemeji, watoto wao wawili na mimi.

Wasomaji wengi wanapenda soka, nami naipenda. Hata hivyo nataka kuwaeleza raha niliyoikuta katika mchezo huu wa polepole, na kwa nini familia moja iliyotoka kandokando ya Ziwa Tanganyika imeufanya kuwa wake.

FAMILIA YA ZAMU

Mama na kaka walitoka Uvira Oktoba 1996, vita vilipoingia mjini. Walipanda boti, wakafuata Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Waliishi huko karibu miaka ishirini. Kaka alioa akiwa kambini na mtoto wake wa kwanza alizaliwa humo. Mwaka 2016 familia ilipata nafasi katika mpango wa kuwahamishia wakimbizi Marekani, wakapangiwa Portland.

Hawako peke yao. Mji huo una watu wasiofika laki moja, lakini Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waangola na Wasomali ni wengi. Kuna duka ambako unaweza kununua unga wa muhogo na ndagala kwa Kiswahili, tangu salamu ya mlangoni hadi chenji.

Maisha yao yanakwenda kwa zamu. Shemeji anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, anaanza saa 12 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Kaka anafanya kazi ya kiwandani usiku, anaingia saa 5 na kutoka asubuhi. Anaporudi, watoto wanavaa viatu vya shule. Wanaporudi shule, yeye amelala. Mama anabaki ndani ya nyumba. Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu, na majira ya baridi yakifika theluji inamfungia mlangoni kwa miezi.

Kilichomsumbua kaka zaidi ni mtoto wake mkubwa, ambaye mwaka huo alikuwa na miaka 12. Alifika Marekani akiwa na miaka mitano, anaongea Kiswahili safi cha Kasulu. Shuleni akakamata Kiingereza haraka, na Kiswahili kikaanza kumtoka. Bibi, kama watoto walivyozoea kumwita tangu Kigoma, alikuwa akimwuliza neno kwa Kiswahili, mtoto anajibu kwa Kiingereza, Bibi anageukia dirisha. Mdogo wake wa kike, aliyezaliwa hukohuko, alielewa maneno ya jikoni tu.

“Nilifika mahali,” kaka aliniambia, “nikaona Mama atazeeka ndani ya nyumba yenye wajukuu, bila mjukuu hata mmoja wa kuongea naye.”

Msimu wa 2020 ligi ndogo za besiboli hazikuchezwa kabisa kwa sababu ya korona. Ziliporudi mwaka 2021, mfanyakazi mwenzake shemeji aliwapa tiketi ambazo yeye asingeweza kuzitumia. Walimchukua Mama kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kubaki naye nyumbani. Hawakutarajia kwamba yeye ndiye atakayeuliza kesho yake: “Tunarudi lini?”

MBWA WA BAHARINI

Timu ya mji inaitwa Sea Dogs, yaani mbwa wa baharini. Ilianza kucheza mwaka 1994, na tangu 2003 ni timu ya malezi ya Red Sox ya Boston. Vijana wanapikwa Portland, wakiiva wanapelekwa juu. Mookie Betts na Xander Bogaerts, waliotwaa ubingwa wa Marekani na Red Sox mwaka 2018, wote walipita hapo. Kwa hiyo mtazamaji wa Portland hulipa pesa kidogo kumwona mtu ambaye miaka michache baadaye watu wa Boston watalipa nyingi kumwona.

Uwanja wa Hadlock unachukua watu zaidi ya 7,000. Upande wa kushoto kuna ukuta wenye kimo cha futi 37, zaidi ya mita 11, uliojengwa kuiga ukuta mashuhuri wa kijani wa Fenway Park mjini Boston. Nyuma ya uzio wa katikati umefichwa mnara wa taa, mfano wa ile inayoongoza meli. Mchezaji wa nyumbani akipiga mpira ukavuka uzio, mnara huo unainuka polepole mbele ya watu. Nimewaona wazee wenye mvi wakiushangilia kama watoto.

Mwalimu wangu wa kanuni alikuwa mtoto wa kaka. Alinifundisha kwa Kiswahili, kwa sababu Bibi alikuwa anasikiliza na hakukubali kuachwa nje. Mrushaji anasimama katikati juu ya kilima kidogo. Mpigaji yuko mita 18 na nusu hivi mbele yake, ameshika rungu. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji. Mpigaji akiupata mpira anakimbia kwenda kituo cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, na akifanikiwa kurudi alikoanzia, timu yake inapata pointi moja. Pale alikoanzia panaitwa “nyumbani”. Vituo vinaachana kwa futi 90, mita 27 na nusu hivi. Timu ikipoteza watu watatu, inaacha kupiga na kwenda kulinda. Zote mbili zikimaliza zamu yake, hiyo ni ungwe moja. Ungwe ziko tisa.

Maneno mengine hayakuwa na Kiswahili, basi bibi na mjukuu wakayatunga. Mpigaji akitupa rungu bila kugusa mpira, “amepiga upepo”. Aliyetolewa “ameungua”, kama watoto wasemavyo katika mchezo wa rede. Mchezaji anayenyemelea kituo cha mbele wakati mrushaji hajamwona, Wamarekani husema “ameiba”, na Mama alilipinga neno hilo kwa msimu mzima. “Mwizi anapigiwa makofi?” aliuliza. Mjukuu akajitetea kuwa ni wizi halali. Mama akasema wizi halali aliuacha Kongo. Watu wa mstari wa mbele waligeuka kuona tunacheka nini.

Alichokipenda ni mpigaji anayekubali kuungua kwa makusudi ili mwenzake aliye kituoni asogee mbele. “Huyo amelelewa,” Mama husema.

Na kuna hesabu moja ambayo haachi kuiulizia. Watu watatu wakiungua kabla ya walio vituoni kurudi nyumbani, wale waliobaki vituoni hawana faida tena. Wanarudi kukaa na pointi haipo. Katika besiboli idadi yao huandikwa rasmi katika takwimu za mchezo. Mama anawaita “waliobaki njiani”. Kila ungwe ikiisha, anamwuliza mjukuu wake: “Wangapi?” Mtoto anamjibu kwa Kiswahili, kwa sababu jibu la Kiingereza halihesabiki.

JUA LA SAA MBILI USIKU

Besiboli ya kulipwa ilianza kama mchezo wa mchana. Mwajiriwa aliyetaka kwenda kutazama siku ya kazi ilibidi atoroke. Tarehe 24 Mei 1935, katika uwanja wa Crosley mjini Cincinnati, mambo yalibadilika. Rais Franklin Roosevelt alibonyeza kitufe akiwa Ikulu mjini Washington, taa za uwanja zikawaka, na Reds wakawafunga Phillies pointi 2 kwa 1. Huo ndio mchezo wa kwanza wa Ligi Kuu uliochezwa usiku. Wenye timu walikuwa wanatafuta fedha, maana miaka ile ya mdororo wa uchumi viti vya mchana vilikuwa vitupu. Wapo waliokataa kwa miaka mingi. Cubs wa Chicago hawakuweka taa katika uwanja wao wa Wrigley hadi Agosti 1988.

Faida ya pesa waliipata wenye timu. Faida ya jioni waliipata wafanyakazi na watoto wao. Baba aliyeshinda kiwandani sasa angeweza kuoga, kula na kumshika mtoto mkono kwenda naye uwanjani. Kwa familia ya zamu kama ya kaka, hiyo ni saa ya dhahabu. Kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 usiku ndio muda pekee ambao hakuna aliyelala wala aliye kazini.

Shemeji alikuwa akipika mapema, ugali na sombe, ili tule tushibe kabla ya kutoka. Chakula cha uwanjani ni ghali ukikinunua kwa watu sita. Tulichoruhusiwa kununua ni vitu viwili. Watoto walipata aiskrimu iliyobanwa kati ya biskuti mbili, inayoitwa Sea Dog Biscuit. Mama alipata mfuko wa karanga zenye maganda. Karanga na besiboli huko vinakwenda pamoja tangu zamani, na hapo Mama hakuhitaji mkalimani.

Huku kwetu jua linazama karibu saa 12 mwaka mzima. Portland mwezi wa Julai linazama baada ya saa 2 usiku. Mchezo unaanza kweupe, majani ya uwanja yanang’aa, shakwe wanapita kutoka baharini. Kufikia ungwe ya nne kivuli cha viti kinamfikia mrushaji. Ungwe ya sita taa ndizo zinazotawala, na mpira mweupe uliopigwa juu unaonekana kama unakataa kushuka. Baridi ya bahari inaingia. Mama anajifunika kitenge juu ya koti, na yule mtoto mdogo anaingia ndani ya kitenge hicho mpaka kibaki kichwa tu.

Katikati ya ungwe ya saba watu wote husimama kujinyoosha na kuimba wimbo mmoja wa mwaka 1908, “Take Me Out to the Ball Game”. Mama hajui maneno. Anaimba sauti, na kwa kuwa ni mwimbaji wa kwaya wa miaka mingi, anaishika vizuri kuliko wanaojua maneno.

UNGWE YA TANO

Besiboli ina nafasi tupu nyingi. Mpira unarushwa, mdakaji anaurudisha, mrushaji anafikiri, mpigaji anafunga glovu. Mpenzi wa soka anaweza kuona ni kuchoshwa. Mimi nilianza kuona vingine jioni ya tatu.

Sea Dogs walikuwa nyuma. Mrushaji wa wageni alikuwa akiwaunguza vijana wetu mmoja baada ya mwingine, na watu walishaanza kuinuka kwenda kununua vyakula. Ungwe ya tano iliisha huku vituo vyote vitatu vikiwa na watu wetu.

“Wangapi?” Mama akauliza.

“Watatu, Bibi.” Kisha mtoto, bila kugeuza kichwa, akaongeza: “Bibi, na Baba mdogo alibaki njiani?”

Baba mdogo ni mimi. Septemba 1996, nikiwa na miaka minane, nilipelekwa Bujumbura kwa mjomba kutibiwa mguu uliovunjika. Nilitakiwa kurudi Uvira nikifunguliwa plasta. Vita vikatangulia. Mwaka 1998 barua kupitia Msalaba Mwekundu ilituambia kwamba Mama na kaka wako hai Nyarugusu. Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda kuwaona kambini mara tatu. Mara zote nilimwuliza Mama ilikuwaje siku zile, na mara zote alinijibu kwamba Mungu alitulinda. Hapo mazungumzo yaliishia.

Jioni ile alimenya karanga moja, akaitia mdomoni, macho yakiwa kwa mrushaji.

“Nilimfuata,” akasema. “Siku bunduki zilipoanza kusikika nilikwenda Kavimvira, mpakani. Askari akasema kumefungwa. Nikalala palepale barabarani. Asubuhi nikarudi kwake, nikamwonyesha picha. Akaniuliza, mama, una mtoto mwingine? Nikasema ninaye mmoja, yuko nyumbani. Akasema, basi nenda ukamchukue huyo.”

Akamenya karanga nyingine. “Nikageuka.”

Hakuna aliyesema kitu. Wageni walikuwa wamechukua marungu yao, ungwe ya sita inaanza. Mjukuu aliacha mipira miwili au mitatu ipite, ndipo akauliza, Kiswahili chake kikiyumba kama mtu anayepita juu ya mawe ya mto: “Picha gani, Bibi?”

“Ya ubatizo. Iko ndani ya Biblia yangu. Tukifika nitakuonyesha.”

Kaka alichukua mfuko wa karanga uliokuwa miguuni pangu, akampa Mama. Mtoto mdogo akaomba aiskrimu. Sea Dogs walifungwa usiku ule. Kwa pointi ngapi sikumbuki. Picha tuliiona sote tulipofika nyumbani. Nyuma yake kuna alama ya kidole yenye udongo, ambayo Mama anasema si yake.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini maneno yaliyokwama miaka 27 yalitokea pale. Nadhani ni kwa sababu uwanjani hatutazamani. Ukimkalisha mzee mezani na kumwambia asimulie, macho yote yanamwelekea, naye anafunga mdomo. Uwanjani watu wote wanatazama mbele. Mtu akinyamaza, kimya chake hakimwaibishi mtu. Anaonekana anafuatilia mchezo. Akisema, anasema kama anayetoa maoni juu ya mpigaji. Na aliyeuliza alikuwa mtoto, ambaye kwa misimu mitatu alikuwa amezoea kumjibu bibi yake swali hilohilo kila ungwe ikiisha.

MAJIRANI WA NYUMA YA UKUTA

Uwanja wa Hadlock umepakana na jengo kubwa la matofali la michezo na maonyesho linaloitwa Expo. Juni 2019, mamia ya watu waliokuwa wakiomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, walifika Portland kwa siku chache baada ya safari ndefu ya kupitia Amerika ya Kusini na ya Kati. Mji ukawapangia vitanda ndani ya Expo hadi Agosti mwaka ule. Aprili 2023 ukalazimika kufanya hivyo tena, hadi katikati ya Agosti. Kwa hiyo jioni zote nilizokuwa nikishangilia, nyuma ya kuta hizo walikuwamo watu waliosikia kelele bila kujua zinahusu nini.

Usiku mmoja tulipotoka tuliwakuta vijana wanne wamesimama kwenye njia ya miguu. Mama aliwasikia wakiongea, akawasalimu. Wawili walikuwa wa Uvira. Waliuliza kelele kubwa ya mwisho ilikuwa ya nini. Mama alimsukuma mjukuu mbele.

“Waeleze wewe.”

Na yule mtoto aliyekuwa akijibu kwa Kiingereza akawaeleza kwa Kiswahili, kwa mikono na miguu: mrushaji, mpigaji, vituo vitatu, nyumbani, nani ameungua na nani amebaki njiani. Alikosea ngeli mara nyingi, na hakuna aliyemcheka. Kaka alisimama pembeni, funguo za gari mkononi, akitazama chini.

Wale vijana walimwuliza pia kama kuna Mwafrika yeyote katika mchezo huu, na jibu alikuwa nalo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini ndiye wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza Ligi Kuu ya Marekani. Alilelewa ndani ya jengo la klabu ya besiboli ya Randburg, ambako mama yake alikuwa mfanyakazi. Tarehe 26 Aprili 2017, akiichezea Pittsburgh Pirates, alipiga katika zamu yake ya kwanza kabisa na kufika kituo cha kwanza. Mrushaji aliyemrushia alikuwa Jon Lester wa Cubs, ambaye mwaka 2005 alikuwa akirusha hapahapa Hadlock. Mama yake Ngoepe alikuwa amefariki miaka minne kabla ya siku hiyo.

Majirani zetu wa Uganda nao wamefika mbali. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, na walishinda mchezo mmoja dhidi ya watoto wa Oregon. Mwaka 2022 Dodgers ya Los Angeles iliwasajili vijana wawili wa Uganda, Umar Male na Ben Serunkuma. Kwa hiyo anayedhani rungu na glovu ni vitu vya kwenye filamu tu, aulize Kampala.

SAA YA MRUSHAJI

Wapenzi wa zamani wa besiboli walijivunia kwamba mchezo wao hauna saa. Unaisha unapoisha. Mfano wanaoutoa ni wa Aprili 1981 huko Pawtucket, jimbo la Rhode Island, timu ya mji huo ilipocheza na Rochester hadi baada ya saa 10 alfajiri ya Pasaka bila mshindi. Waliobaki vitini walikuwa 19. Mchezo ulisimamishwa, ukaendelea Juni, na ukaisha katika ungwe ya 33. Kaka alipomsimulia Mama, aliuliza kama wale 19 hawakuwa na watu nyumbani.

Utamu huo una gharama kwa mtu wa zamu. Msimu wa kwanza kaka alikuwa akituaga ungwe ya saba ili asichelewe kazini, na matokeo aliyajua asubuhi. Mwaka 2022 ligi ndogo zilianza kutumia kwa ukali saa inayomhesabia mrushaji sekunde kabla ya kurusha, na mwaka 2023 Ligi Kuu ikafuata. Wastani wa mchezo wa Ligi Kuu ulishuka kutoka zaidi ya saa tatu hadi saa mbili na dakika 40 hivi. Wapo wanaolalamika kwamba mchezo umeharibiwa. Kaka si mmoja wao. Mchezo ukianza saa 12 jioni, yeye anaona mpira wa mwisho, anawafikisha watoto nyumbani, anawafunika shuka na kuingia kazini saa 5 bila kukimbia. Katika mapumziko yake ya usiku anakuwa na jambo la kuongea na wenzake, na kesho yake ana jambo la kuongea na mwanawe.

Na nafasi tupu hazijaisha. Zimepungua kidogo tu. Kati ya ungwe na ungwe bado mtu anapata muda wa kumenya karanga, kumfuta mtoto aiskrimu mashavuni na kuuliza swali.

NA SISI HUKU?

Sisemi kila mtu aanze besiboli. Nauliza tu: katika michezo yetu, ni upi unaowakalisha bibi, mama, baba na mtoto katika mstari mmoja? Soka ya Ulaya tunaitazama kwenye vibanda na baa, akina baba peke yao, usiku wa manane, nyumbani wamelala. Kwenye uwanja wetu wa mpira utawakuta vijana wa kiume. Mama mzee ukimwona pale, basi anauza karanga. Igisoro inachezwa chini ya mti na wanaume wale wale. Hakuna sheria inayokataza kumbeba bibi Jumapili alasiri na kumkalisha mahali penye kivuli, watoto pembeni yake, na mchezo wowote mbele yao. Kinachohitajika ni mchezo usio na haraka na mtoto mwenye kazi ya kumweleza mzee kinachoendelea. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na lugha nayo ni hivyohivyo: asiyetumwa kuitumia haitakaa kinywani mwake.

Msimu wa Portland unaanza Aprili na kuishia Septemba. Mchezo ukiisha usiku huko, kwetu ni usiku wa manane, kwa hiyo Mama husubiri hadi asubuhi yake ndipo anipigie. Matokeo huyataja haraka, kama mtu anayelipa deni. Halafu ananiambia wangapi walibaki njiani, ungwe kwa ungwe, na akisahau moja, nasikia sauti ya mjukuu nyuma yake ikimkumbusha kwa Kiswahili.